Saa Mbili Asubuhi

Kidole cha fundi wa tovuti kilikuwa juu ya kitufe cha "Hifadhi", na bosi alisimama nyuma yake akimpumulia kisogoni.

"Nimesema andika 8:00. Hii ni tovuti ya ofisi ya mji, si ubao wa sokoni."

Mkutano wa kwanza wa kuamua kama soko livunjwe ulitangazwa hivyo hivyo, 8:00. Wauza mboga, shangazi yake fundi akiwa mstari wa mbele, wakafika saa nane mchana na kumkuta mfagiaji anakunja viti. Mambo yalikuwa yamekwisha tangu asubuhi. Bosi akaandika kwenye ripoti: "Wahusika hawakujitokeza."

"Walijitokeza, bosi. Shangazi alivaa mpaka viatu vya kumbana."

"Kwani hawajui kusoma saa?"

"Wanajua sana. Sisi ndio hatujui kuwaandikia."

Mkutano wa mwisho ulikuwa keshokutwa. Fundi alikuwa ameipanga tovuti imtazame msomaji yuko wapi: aliye ng'ambo aone saa za huko aliko, na aliye hapa asome kwa maneno, kwa herufi nene kama vidole vya seremala: *saa mbili kamili asubuhi*.

"Binti, ukibonyeza hicho kitufe, keshokutwa usije kazini."

"Kazini siji," akasema fundi. "Nitakuja mkutanoni. Uniwekee kiti karibu na shangazi."

Akabonyeza.