Kijani cha Setilaiti

"Jangwa limekwisha!" mkurugenzi wa mradi alitangaza, akiigonga ramani iliyotandikwa katikati ya meza ya karamu. Kwenye picha za setilaiti, nchi iliyokuwa rangi ya vumbi sasa ilikuwa kijani tupu. Wageni, wafadhili wa mradi, wakapiga makofi.

Nasibo, aliyeichora ramani hiyo, hakupiga. "Bosi, nilikuambia. Hicho kijani si nyasi. Ni miti ya mathenge, miiba mitupu, na maganda yake yanaozesha meno ya mbuzi."

"Setilaiti haijui mathenge, dada. Inajua kijani. Wewe kula."

Wapishi wakamletea kichwa cha mbuzi aliyenunuliwa kwenye nchi hiyo hiyo ya ramani, kwa heshima ya mchora ramani. Nasibo akapanua taya. Jino halikuwepo hata moja. Ufizi ulikuwa mweusi, umeoza, na ganda la mathenge limenasa ndani yake.

"Huyu alikuwa anakufa njaa katikati ya kijani chako."

"Wageni wanasikia," mkurugenzi alinong'ona, akilamba vidole.

Nasibo akaling'oa lile taya, akalibwaga juu ya ramani. Mafuta yakaanza kuenea. Mkurugenzi akanyakua kitambaa, akafuta mbiombio, akafuta tena, na kila alipofuta kijani kikazidi kung'aa.