Hereni ya Asumini

Kila Shaweji alipomimina chai bila kumwaga, hereni ya dada yake Asumini iliwaka, naye dada akacheka na kumkumbatia. Shaweji, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, aliamini inawaka kwa sababu dada kafurahi. Kumbe kila nyumba yenye mtu kama yeye ilipewa hereni, iwaelekeze ndugu wakati wa kusifu.

Jumamosi Asumini aliisahau bafuni. Shaweji akamimina chai, hata tone halikumwagika.

"Dada, tazama."

"Nimeona," alijibu, macho kwenye simu.

Shaweji alisimama pale mpaka chai ikapoa. Kisha akaifuata hereni bafuni, akaitia mwenyewe sikioni mwa dada, akamimina kikombe kingine.

Hereni ikawaka. Asumini akacheka, akafungua mikono.

Shaweji akaiacha mikono ile hewani.