Fundi Hakatwi

Fundi cherehani alikubali kila kitu isipokuwa kisu. Alikubali sindano, akakubali dripu, akakubali hata lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, ingawa alimweleza muuguzi kwamba aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda kulala. Lakini daktari alipotaja upasuaji, aliivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi ndiye ninayekata," alisema. "Sikatwi."

Ngiri yake ilikuwa imeunasa utumbo, na utumbo ulionaswa haungoji mtu amalize ubishi. Daktari, binti mpole mwenye miwani, alimweleza taratibu: akipasuliwa leo, baada ya wiki chache atarudi kwenye cherehani yake, asipopasuliwa, utumbo utaoza na atakufa. Fundi akasema ameelewa. Akayarudia maneno yote bila kukosea hata moja, kisha akakataa tena.

Mkewe alijua ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi. Mwaka jana, kaka yake alipopasuliwa ngiri kama hiyo hiyo, Fundi alimcheka mpaka duka zima likasikia. Alisema mwanamume kamili hafumuliwi kama mto wa pamba, na akaapa mbele ya mafundi wenzake kwamba yeye hatakubali kisu maisha yake yote. Sasa shemeji huyo huyo alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, amekunja nne, akisubiri kuona. Na Fundi hakuwa mtu wa kula matapishi yake. Aliwahi kutamka siku moja, kwa hasira tu, kwamba hali tena biringanya, na tangu siku hiyo biringanya hazijaingia ndani ya nyumba ile.

"Basi mlazimisheni," mke alimwambia daktari. "Si mnaona mtu anakufa?"

Daktari alitikisa kichwa. Kukataa si wazimu, alisema. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, hata yale ya kumwokoa, na hakuna wa kumburuta.

"Na asiye na akili timamu?"

"Huyo huamuliwa na wewe mkewe, mkishauriana na sisi."

Fundi alikuwa amewageuzia mgongo, anatazama ukuta. Mke alisimama pale kidogo, kisha akamwomba daktari watoke nje.

Huko koridoni akamwaga uongo. Alisema mumewe siku hizi anatia chumvi kwenye chai. Alisema kila asubuhi analiamkia kabati, na lisipoitikia ananuna. Juzi, alisema, amepiga pasi mkate. Kaka yake alimtolea macho kutoka kwenye benchi, naye akajifanya hamwoni. Hajawahi kumzushia mumewe hata mafua, lakini leo maji yalikuwa yamefika shingoni.

Daktari alimtazama juu ya miwani. Mzee amemjibu vizuri sasa hivi tu, alisema. Hata hivyo, ana homa, na homa inaweza kuvuruga akili ya mtu, kwa hiyo ni lazima ampime upya.

Mke alimfuata akiwa hana raha. Alimjua mumewe: kichwa kinachokata suti nzima bila chaki hakiwezi kushindwa na maswali ya hospitali. Angejibu yote, kisha angekufa na akili zake timamu.

"Mzee, hapa ni wapi?" daktari aliuliza.

"Dukani kwangu."

Daktari akasogeza kiti. Akamuuliza nini kimemleta. Fundi akasema yeye hakuletwa na kitu. Daktari ndiye aliyekuja, tena kachelewa, na koti lake limekaa tangu juzi linangoja kujaribiwa. Akaunyanyua mrija wa dripu, akaunyoosha kwenye mkono wa daktari kutoka begani hadi kiganjani, akasikitika. Mikono ni mirefu, alisema, kitambaa hakitatosha. Alipoulizwa kuhusu utumbo, akasema yeye hashoni utumbo.

"Na huyu mama ni nani?"

Fundi alimkazia macho mke wake, akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mteja," alisema. "Ana maneno mengi, lakini gauni lake liko tayari."

Mke alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kwelikweli. Alikuwa amemzulia mumewe wazimu, na wazimu umeitikia wito. Alijilaumu, akaulaumu ulimi wake, akaona heri angezusha kifafa.

Daktari alimwita mwenzake aje kuhakikisha. Huyo naye aliuliza maswali yake, akaishia kupimwa kiuno. Wakakubaliana kwamba mgonjwa hawezi kujiamulia na kwamba hakuna muda wa kusubiri homa ishuke. Mke akatia sahihi huku machozi yakimtiririka.

Kitanda kilisukumwa koridoni. Shemeji aliinuka, kiburi chote kimemwisha, akamshika mgonjwa mkono na kumwambia amemsamehe maneno yote ya mwaka jana. Fundi alimuuliza kama amekuja kufuata suruali. Shemeji akarudi kwenye benchi, akajifunika uso.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji, muuguzi alimruhusu mke kuaga. Aliinama juu ya mumewe akamwomba radhi. Alikiri kwamba ile chumvi, lile kabati na ule mkate vyote alivitunga yeye, kwa kuogopa kubaki peke yake.

Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamvuta mkewe sikio.

"Waambie waharakishe, mama watoto, tumbo linaniua," alinong'ona. "Na kaka yako ni shahidi: mimi nilikataa."