Mkate Miguuni

Tangu asubuhi Mzee Normat, dereva wa teksi, alimzungusha bosi mmoja mji mzima wa Samarkand, akimeza maudhi mengi. Kwenye makaburi ya wafalme bosi alipiga mwayo: "Vigae tu hivi." Sokoni alikula sambusa nne za tanuri, kisha akafutia vidole vyenye mafuta kwenye kiti cha gari. Normat akachekacheka, maana bosi alikuwa na kampuni ya watalii, na aliahidi kumwajiri akiridhika na siku hiyo.

"Umefaulu, mzee," bosi alisema njiani, kajimwaga kiti cha mbele. "Kesho unaanza kazi."

Akang'ata mkate wa duara wenye ufuta walionunua sokoni, akauona mgumu, akautupa chini na kuukanyaga.

Normat akasimamisha gari.

"Uokote, mwanangu. Kwetu mkate haukanyagwi."

"Mkate tu huo. Twende."

Normat akazunguka, akafungua mlango, akamshusha kwa kola. Ufuta ulikuwa umeganda kwenye soli ya kiatu cha bosi. Normat akauinua mkate kwa mikono miwili, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akauweka kwenye kiti cha mbele, upande wenye ufuta juu.

"Sasa mimi nikae wapi?" bosi aliuliza.

"Tafuta gari, mwanangu. Hapa pana abiria."