Kitabu cha Kumi na Nne

Siku aliyofariki Yohei, kitabu cha kumi na nne cha hadithi ya katuni aliyoipenda kilikuwa bado hakijatoka. Kilipotoka, baba yake, Norikazu, alikinunua akakiweka mbele ya picha ya mtoto, kwenye kabati dogo la kuwakumbukia wafu, kando ya kibakuli cha wali. Hakuna aliyekifungua. Kilikuwa cha Yohei.

Alasiri moja mama yake, Fusae, alikuwa akikunja nguo aliposikia mtoto analia.

"Kaka, usiniache huku! Giza linaingia!"

Ilikuwa sauti ya Yohei, na ule ukwaruzo wake. Fusae aliganda. Sauti ikakohoa, ikarudia maneno yale yale kwa uchungu zaidi.

Jioni alimweleza mumewe.

"Paka huyo," alisema Norikazu.

"Paka anaita kaka?"

"Fusae, hulali, huli. Ukiendelea hivi tutahama hapa. Sitanii."

Yohei hakuwahi kuishi nyumba nyingine. Fusae hakuitaja tena ile sauti.

Asubuhi alikutana ngazini na jirani yao, Bi Inagaki, aliyekuwa akienda kwenye duka la mikate alikouza. Alikuwa amejifunga skafu shingoni na joto lote lile.

"Kumepooza, Mama Yohei," alisema. "Nilizoea anavyorudi kutoka shule akipiga kelele, namjibu kupitia ukuta wetu huu mwembamba: karibu, mtukutu! Naye ananiambia: nyamaza, bibi kizee!"

Fusae alijaribu kucheka.

Alasiri sauti ilirudi. Alipiga magoti mbele ya picha.

"Mwanangu, unataka nini?"

"Sitaki kufa kabla sijaiona bahari!"

Alikichukua kitabu, akakifungua. Mtoto mgeni, ambaye hakuwamo katika vitabu vya nyuma, alikuwa amekwama kisimani. Juu ya kichwa chake paliandikwa: Kaka, usiniache huku! Giza linaingia! Alifunua ukurasa. Sitaki kufa kabla sijaiona bahari!

Neno kwa neno. Yohei alikuwa akisoma kitabu chake.

Fusae alipiga ukelele. Sauti ikakatika. Hatua zikapita nje, zikasimama mlangoni, mlango ukagongwa. Alibaki pale sakafuni mpaka ulipogongwa tena, ndipo akajikokota kwenda kufungua.

Alikuwa Bi Inagaki, amekumbatia karatasi kifuani, uso umemwiva.

"Nisamehe, Mama Yohei. Nilidhani umetoka. Hadithi ile ya katuni ya Yohei inatiwa kwenye televisheni, nami nimepewa kumwigiza yule mtoto wa kisimani. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya sauti. Kwenye majaribio walinikataa mara mbili, wakasema mtoto gani huyu, mbona ni mwanamke anayejibana pua." Aliinamisha kichwa. "Mara ya tatu nikamkumbuka Yohei."

Hawakuhama. Katuni huonyeshwa Jumapili jioni, na anayewasha televisheni ni Norikazu.