Mikongo Miwili, Mtaro Mmoja

Asteria alipiga magoti kwenye tope, kando ya barabara ya Suji, akafukua pale maporomoko yalipokata mkongo wa simu. Akakuta mikongo miwili, mweusi na wa rangi ya chungwa. Ilikuwa imelazwa kwenye mtaro mmoja, imefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki, na imekatika mahali pamoja.

Ramani ya njia za mikongo aliichora yeye. Mkongo wa pili ulipaswa kupandia upande mwingine wa mlima, ili wa kwanza ukikatika, huo ubebe simu zote.

"Nani aliipitisha kazi hii?"

"Mimi," alijibu msimamizi wake, akichokonoa meno kwa njiti. "Kule ni miamba mitupu. Wewe andika maporomoko yamekata njia zote mbili. Si kweli?"

Asteria alitema mate.

Mzee aliyewaazima jembe alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Juzi mke wa mwanawe alishikwa na uchungu, wakahangaika kutwa nzima kupigia gari la wagonjwa na simu isiite. Wakambeba kwa machela. Alifia njiani.

"Mwanangu," mzee aliuliza taratibu, "kwani ilikuwa miwili?"

"Mwambie ni mvua," msimamizi alinong'ona.

Asteria aliinuka, mikono ikichuruzika tope.

"Ilikuwa miwili, baba," alisema. "Na aliyeilaza pamoja ni huyu hapa."

Mzee akaliokota jembe lake, akamgeukia msimamizi.