Breki za Tryphena

Tryphena alichomoa pedi za breki za mbele akakuta zimelika hadi chuma. Fundi mmoja wa Voi alikuwa amemwambia, "Madam, hiyo kazi waachie wanaume." Tryphena akafunga mpya mwenyewe, akakaza nati za gurudumu, akakanyagakanyaga pedali hadi ikawa ngumu.

Mama yake akapanda gari akiomba Mungu kwa sauti. Wakaanza kuteremka mlima kutoka Wusi.

Kwenye kona kali, ng'ombe akajitoma barabarani. Tryphena akakanyaga. Gari likasimama papo hapo, pua ya ng'ombe ikiacha ukungu wa pumzi kwenye boneti.

"Hizi breki amefunga nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, Mama."

Mama akashusha kioo, akampigia kelele mchungaji aliyekuja mbio nyuma ya ng'ombe wake: "Wewe baba, njoo umwone binti yangu!"